Kabla ya kuliuza gari kuukuu, tumwulize fundi alichokitoa

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapisha barua ya msomaji mwenzangu wa hapa Mombasa, aliyetushauri sisi wenye magari madogo ya zamani tuyauze kwa bei yoyote tutakayopewa na kuchukua mkopo wa kununua gari jipya zaidi, kwa hoja kwamba magari haya hunywa petroli kama ngamia. Ngamia, nijuavyo mimi, hunywa mara moja akatembea siku kadhaa, na gari langu lingekuwa na tabia hiyo ningemshukuru Mungu. Hata hivyo shida anayoieleza naielewa vizuri, kwa kuwa ilikuwa yangu pia hadi hivi majuzi, na ninaandika kwa sababu naamini amekitafuta chanzo chake mahali pasipokuwa. Uzee wa gari peke yake haulifanyi linywe petroli mara moja na nusu ya ilivyokusudiwa. Kinachofanya hivyo, kwa niliyoyaona mwenyewe, ni kwamba katika miaka 20 ya kuingia na kutoka gereji gari hutolewa kimoja baada ya kingine vitu ambavyo kiwanda kiliviweka kwa sababu maalumu, na hapatokei mtu wa kuvirudisha.

Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa bandarini. Ninaishi Shanzu, na siku sita za wiki huendesha gari kwenda Kilindini na kurudi, safari ambayo pamoja na mizunguko ya kupeleka stakabadhi Shimanzi na kwingineko hufika kilomita 40 kwa siku. Gari lenyewe ni Toyota Starlet ya mwaka 1997, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,331 na gia za mkono, aina ambayo Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1999 na kuweka Vitz mahali pake. Nililinunua mwaka 2016 kwa mtu aliyekuwa nalo tangu liliposhuka melini, na kwa miaka kadhaa sikuwahi kujiuliza linakula kiasi gani. Niliingia kituoni, nikatoa noti, nikaondoka.

Kilichoniamsha ni mwaka 2023. Mwezi Julai ushuru wa thamani ya ziada kwa bidhaa za petroli ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Septemba lita moja ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 200 hata hapa Mombasa, ambako kwa kawaida bei huwa chini kidogo kuliko ya Nairobi kwa kuwa mafuta hushukia kwetu Kipevu kabla ya kusukumwa kwa bomba kwenda bara. Tangu wakati huo, tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, inapotangaza bei za mwezi unaofuata, ofisini kwetu kazi husimama dakika tano huku kila mtu akipiga hesabu yake kimoyomoyo.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kununua daftari la shilingi 30. Nilijaza tangi hadi pampu ikajikata yenyewe, nikaandika namba ya kilomita kwenye mita, na nilipojaza tena nilikwenda kituo kilekile, pampu ileile, nikajaza hadi ikajikata, kisha nikagawanya kilomita nilizotembea kwa lita zilizoingia. Nilirudia mara nne ili foleni ya siku moja au safari ya harusi Kilifi isinidanganye. Kujaza kwa shilingi elfu moja leo na mia tano keshokutwa, kama wengi wetu tulivyozoea, hakumpi mtu hesabu yoyote ya kuaminika, kwa sababu hajui tangi lilikuwa na kiasi gani alipoanza. Daftari lilinipa kilomita 9.5 kwa lita. Gari la uzito wa kilo mia nane na ushei, lenye injini ndogo na gia za mkono, halina udhuru wa kushindwa kufika kilomita 13 au 14 kwa lita hata katika foleni zetu za Kongowea.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Majengo ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiyatunza magari ya ofisi yetu. Alinitaka niliache kwake usiku kucha ili asubuhi alikute injini ikiwa baridi kabisa. Nilipofika saa moja asubuhi hakuwa ameshika hata spana. Aliwasha injini, akafungua boneti, akaniambia, “Mama, shika hapa,” akaniwekea mkono juu ya paipu ya juu ya rejeta, yaani kile kipoza maji ya injini kilicho mbele ya gari. Tulisimama hivyo, mimi nimeshika paipu kama daktari ashikavyo mshipa wa mgonjwa, na baada ya dakika moja nikahisi vuguvugu likianza kupanda polepole. Akatikisa kichwa. Katika gari zima, alinieleza, paipu hiyo hubaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikijipasha moto, halafu ghafla huwa ya moto kwa mpigo mmoja; ikipata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, basi maji yanazunguka bila kizuizi. Akafungua skrubu mbili za kifuniko kilicho mwisho wa paipu. Ndani hamkuwa na kitu ila maji ya rangi ya chai ya rangi.

Hapo nikakumbuka. Mwaka 2018 gari lilichemka Kibarani mchana wa jua kali, nikavutwa hadi gereji iliyokuwa karibu, na kijana mmoja akachomoa kitu kidogo cha shaba chenye springi, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kuniambia, “Shangazi, joto lote hili la Mombasa, hiki cha nini? Hiki ni cha nchi za baridi.” Nilimlipa na kumshukuru. Kitu hicho ni thamostati, na kwa miaka mitano niliendesha gari lisilo nayo huku nikilaumu vituo vya petroli.

Naomba nafasi nieleze kazi yake, kwa sababu maneno ya kijana yule nimeyasikia tangu hapo kwa watu wasiopungua kumi, wakiwemo wenye elimu kunishinda. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Maji ya injini yakiwa baridi mlango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu bila kupita kwenye rejeta. Yakifika takriban nyuzi 82 za Selsiasi nta huyeyuka, hutanuka na kuusukuma mlango ukafunguka. Joto la Mombasa, hata Februari, ni nyuzi 33 hivi. Injini inataka zaidi ya 80. Kwa hesabu ya injini, basi, Mombasa na Limuru zote ni nchi za baridi, na tofauti yake ni ndogo mno. Mlango ukiondolewa, maji hupita kwenye rejeta muda wote, na gari likishika kasi kati ya Bamburi na Bombolulu upepo huyapoza yasifikie kabisa joto linalotakiwa.

Ubaya wake kwa petroli unatokana na kompyuta ya injini. Gari langu halina kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli hupulizwa na nozeli nne, na kompyuta ndiyo inayoamua zifunguke kwa muda gani, ikitegemea habari inazoletewa na sensa mbalimbali, mojawapo ikiwa ile inayopima joto la maji. Sensa ikisema maji bado hayajapata moto, kompyuta huongeza petroli, kama tulivyokuwa tukivuta choki katika magari ya kabureta kila alfajiri. Injini isiyo na thamostati huishi alfajiri mchana kutwa. Petroli ya ziada haiishii kupotea kupitia paipu ya moshi tu, kwani nyingine huoshea kuta za silinda na kuteremka kwenye oili, ikaifanya nyepesi, na hapo ndipo uzee wa kweli wa injini unapoanza.

Thamostati mpya, pamoja na gasketi yake, ilinigharimu shilingi 1,500. Daftari likapanda hadi kilomita 11.6 kwa lita.

Kwa haki, lazima niseme kwamba kijana wa Kibarani hakutoa thamostati kwa ukorofi. Gari lilikuwa linachemka kweli, na alipoitoa liliacha kuchemka. Alichokiponya ni dalili. Rejeta yangu ilikuwa imeziba kwa magadi, na magadi hayo niliyatia kwa mikono yangu, kwa kuwa nilikuwa nikijaza maji ya kisima kutoka kwenye madumu ya wachuuzi wa mikokoteni. Anayeishi pwani hahitaji kuelezwa ladha ya maji ya visima vyetu. Ukiyachemsha kwenye sufuria kwa mwezi mmoja utaona ukoko mweupe chini, na rejeta ni sufuria isiyopumzika. Fundi mzee aliifungua, akaisafisha, akatia kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyotakaswa, na akakata waya uliokuwa umeunganisha feni moja kwa moja na swichi ili izunguke muda wote, dawa nyingine ya gereji za barabarani ambayo huifanya alternata, mashine inayozalisha umeme wa gari, ibebe mzigo wa bure na kuzidi kuipoza injini ambayo tayari ni baridi. Feni yangu sasa hujiwasha yenyewe inapohitajika, na nikiwa kwenye foleni ya Likoni huisikia ikianza na kunyamaza, kama mtu mwenye adabu anayejua wakati wa kusema.

Jambo la pili lilihusu taa. Fundi aliniuliza kama taa ya injini kwenye dashibodi huwaka, nami nikajibu kwa fahari kwamba tangu ninunue gari haijawahi kuwaka hata siku moja. “Hilo ndilo linalonitia wasiwasi,” akasema. Katika gari lisilo na hitilafu taa hiyo huwaka unapofungua swichi kabla ya kupiga injini, kisha huzimika injini inapowaka. Ya kwangu haikuwaka wakati wowote. Alipoifungua dashibodi alikuta balbu imechomolewa. Nani aliichomoa, na lini, siwezi kusema, lakini ni njia rahisi sana ya kuuza gari lenye hitilafu. Akaweka balbu nyingine, na taa ikawaka na kukataa kuzimika.

Magari ya Toyota ya miaka hiyo yana kisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Fundi alikunja kibanio cha karatasi, akakichomeka kuunganisha tundu la TE1 na la E1, akafungua swichi bila kupiga injini, na taa ikaanza kupepesa: mara mbili, kituo kidogo, mara moja. Ishirini na moja. Namba hiyo katika magari hayo humaanisha sensa ya oksijeni, yaani ile iliyofungwa kwenye paipu ya moshi, ambayo hunusa kiasi cha oksijeni kilichobaki baada ya petroli kuungua na kuiarifu kompyuta ipunguze au iongeze. Petroli huungua kikamilifu ikichanganywa na hewa kwa uzani wa 1 kwa 14.7, na bila pua hiyo kompyuta haina njia ya kujua kama imefikia hapo, kwa hivyo hukisia, na ikikisia hupendelea kuzidisha petroli kuliko kuipunguza kwa kuhofia injini isiungue. Mamlaka za Marekani zinazowashauri wenye magari huieleza sensa mbovu ya oksijeni kuwa miongoni mwa hitilafu chache ambazo kuzirekebisha kunaweza kupunguza matumizi ya mafuta kwa kiwango kikubwa kabisa. Mimi niliiona kwa macho: ile ya zamani ilitoka ikiwa nyeusi kama punje ya pilipili manga. Mpya nililipa shilingi 6,000, nikiikataa ya mtumba kutoka Japani iliyokuwa kwa robo ya bei, kwa kuwa kitu hiki huchakaa kwa matumizi na hakuna anayejua cha mtumba kimebakiza maisha gani. Pamoja nayo tulibadilisha plagi nne kwa shilingi 1,600. Daftari likasoma 13.2.

Jambo la tatu ni letu sisi watu wa bahari. Upepo wa chumvi unaotulia kwenye mabati ya nyumba zetu unatua pia kwenye breki. Pini ambazo kishikio cha pedi huteleza juu yake hupata kutu, zikakwama, na pedi ikabaki imeusugua mduara wa breki hata baada ya mguu kutoka. Dereva hasikii chochote. Gari linaonekana zito kidogo, basi. Kipimo chake hakihitaji fundi: endesha kilomita kumi, simama taratibu mahali tambarare bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Langu la mbele kushoto lilikuwa na joto la pasi, na la kulia lilikuwa la kawaida. Kusafisha pini, kuzipaka grisi inayostahimili moto na kubadilisha vifuniko vyake vya mpira kulinigharimu shilingi 2,500, na tangu hapo nimelifanya hilo kila mwaka baada ya mvua za masika.

Kuhusu tairi sitasema mengi, kwa kuwa kila mshauri huanzia hapo. Presha sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kando ya mlango wa dereva, na inapimwa tairi zikiwa baridi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila paundi moja ya presha inayopungua hupoteza takriban asilimia 0.2 ya mafuta, kiasi ambacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ingawa tairi zenyewe huchakaa mapema na gari hukamata barabara vibaya zaidi. Mimi nilikuwa na kosa kubwa kuliko hilo: tairi za upana wa milimita 185 alizozifunga mwenye gari wa kwanza kwa ajili ya urembo, mahali ambapo kiwanda kiliweka za 155. Zilipoisha nilirudi kwenye za 155, na mpwa wangu akaniambia gari limekonda. Limekonda kweli, na sasa linanipa kilomita 14 kwa lita.

Nimejaribu pia mambo ambayo hayakusaidia, na ni vizuri wasomaji wayajue kabla hawajatoa fedha. Sumaku mbili za kufunga kwenye paipu ya petroli, nilizouziwa kwa maelezo marefu sana ya kisayansi, hazikubadilisha hata nukta moja ya daftari. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limevichunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hii vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote, tena ndogo. Filta ya hewa, ambayo kila gereji huisingizia kwanza, ilinishangaza zaidi: uchunguzi uliofanywa katika maabara ya Oak Ridge huko Marekani uligundua kwamba kwa injini zinazoongozwa na kompyuta filta chafu hupunguza nguvu ya gari lakini karibu haiathiri kabisa ulaji wa petroli, kwa sababu kompyuta hupunguza mafuta hewa inapopungua. Wenye magari ya kabureta wana haki ya kuihofia. Sisi wengine tuibadilishe kwa ajili ya injini, tusitarajie ijilipe kituoni.

Kuna desturi moja, hata hivyo, ambayo siyo tu haisaidii bali ni ya hatari, nayo ni ya kuteremka mlima wa Mazeras gia ikiwa huru. Madereva wengi, hata wa magari ya abiria, huamini kwamba hapo wanakula bure. Katika gari la kabureta hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Katika gari la nozeli, unapoondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia na likiteremka, kompyuta huzifunga nozeli kabisa na injini huzungushwa na magurudumu bila tone la petroli; ukiiweka huru, injini hulazimika kuunguza petroli ili isizime. Anayeteremka huru, basi, analipia petroli na papo hapo anajinyima msaada wa injini katika kushika breki, kwenye barabara yenye malori mbele na nyuma yake.

Kiyoyozi kinakula, hilo halina ubishi, lakini mwanamke aliyesimama Nyali Bridge saa kumi na moja jioni akiwa na buibui hahitaji kuhubiriwa juu yake. Ninachofanya ni kufungua vioo kwa dakika mbili za mwanzo hewa iliyopikwa na jua itoke, ndipo nikiwashe. Kwenye foleni ya feri nikiona magari hayasogei nazima injini, maana injini ndogo ikizunguka bure huteketeza zaidi ya nusu lita kwa saa hata bila kiyoyozi. Na katika barabara ya Malindi nikipita Mtwapa sizidi kilomita 80 kwa saa, kwa kuwa upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na kutoka 80 hadi 110 unakuwa karibu maradufu, na vyuma vya kubebea mizigo vilivyo juu ya gari, hata vikiwa vitupu, huuzidisha. Vya kwangu viko stoo.

Sasa turudi kwenye mkopo wa msomaji mwenzangu. Kwa mwendo wangu wa kilomita 1,040 kwa mwezi, nilikuwa nikinunua lita 109. Sasa nanunua lita 74. Tuchukue lita kuwa shilingi 180, na tofauti ni takriban shilingi 6,300 kila mwezi. Matengenezo yote niliyoyataja, pamoja na kulanti, kazi ya rejeta na ujira wa fundi, yalifika shilingi 18,000 kasoro kidogo, nikiacha tairi ambazo ningezinunua kwa vyovyote. Fedha hiyo ilirudi kabla mwezi wa tatu haujaisha. Tuseme nimelifuata shauri lake nikapata gari linalotembea kilomita 17 kwa lita. Ningeokoa lita 13 zaidi, yaani shilingi 2,300 na kidogo kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 600,000 wa miaka mitatu, hata benki ikinihurumia isinidai riba, ni shilingi 16,600 na zaidi kwa mwezi. Mwenye kutaka gari jipya kwa sababu analipenda na analimudu, namtakia kheri. Ila asiseme anakimbia bei ya petroli.

Pana mahali ambapo nakubaliana naye. Gari ambalo kutu ya bahari imekula viungo vinavyobeba magurudumu haliokolewi kwa thamostati, na linalotoa moshi wa buluu kila linapoongezwa kasi limechoka ndani ya silinda, ambako gharama ya kufufua mara nyingi hushinda bei ya gari lenyewe. Vilevile gari la mwaka 1997 halimlindi abiria kwenye ajali kama la leo, na mwenye watoto wadogo ana haki ya kulipima hilo kwa mizani tofauti na yangu.

Kwa mafundi wetu nina ombi, nami naliandika kwa heshima kwa kuwa nimekula chumvi na wengi wao. Mnapotoa kitu kwenye gari la mtu ili aondoke barabarani salama, jambo ambalo wakati mwingine ni la lazima, mwandikieni kwenye risiti kwamba kimetolewa na kwamba kinapaswa kurudishwa, na mpeni mkononi kile kilichotolewa. Na sisi wateja tukidai vipande vyetu vya zamani tusionekane wachokozi. Sensa yangu nyeusi iko kwenye droo ya meza yangu ofisini, na wenzangu watatu wamekwisha kuitazama kisha wakaenda kufungua swichi zao kuangalia kama taa ya injini inawaka.

Swali moja halijapata jibu katika daftari langu. Kitabu cha gari kinataka oili nyepesi, nami tangu zamani hutia nzito ya 20W-50 kama ilivyo desturi ya magari kuukuu hapa, ambayo fundi wa Majengo huitetea kwa hoja kwamba injini iliyolegea huhitaji oili yenye mwili. Nadharia inasema nzito hula petroli asilimia moja au mbili zaidi; injini yangu nayo haijaanza kula oili. Jumamosi iliyopita nilimwaga ile nzito nikatia 10W-30, lita tatu na kidogo, nikaandika kilomita kwenye ukurasa mpya. Baada ya matangi manne nitakuwa na namba, na ukinipa nafasi, Mhariri, nitaileta.

Wako,
Karani wa forodha,
Shanzu, Mombasa.